Dirisha la Upande wa Majani Chai

Maneno yale hayajanitoka kichwani. Mjukuu wangu akiketi mezani na kitabu chake, akasoma kwa sauti kwamba baada ya "enjoy" tunasema "reading" na baada ya "want" tunasema "to read", mimi huko jikoni huendelea na orodha mpaka mwisho bila kukosea hata moja. Yeye hucheka, akidhani nimeyaokota redioni. Simweleweshi. Habari yenyewe bado inanichefua, na mtoto wa miaka kumi na miwili hana kosa lolote la kumfanya alishwe uchungu wangu.

Niliolewa mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa nimemaliza darasa la saba na kupita vizuri kuliko wavulana wote wa darasa letu isipokuwa mmoja. Nafasi ya sekondari haikutafutwa. Baba yangu alisema amenipatia kitu bora zaidi, nyumba ya mwalimu. Mtu aliyekuja kuniposa alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa juu ya kilima, upande wa Nyaramba, na kwetu sisi wa karibu na Nyamache hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Nami nilijivunia, mjinga mimi. Nilidhani nyumba ya mwalimu ni nyumba ya vitabu, na kwamba nikishaingia humo nitasoma mpaka nami niwe mwalimu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hicho ndicho kitu pekee nilichokitaka duniani: kusimama mbele ya darasa nikiwa na chaki mkononi.

Nilichokikuta ni majani chai. Mume wangu alikuwa karani katika shamba kubwa la chai huko Kericho. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, na mara nyingine mwisho wa mwezi ulipita bila yeye. Mimi niliachiwa nyumba ya udongo ya vyumba viwili, ng'ombe mmoja wa maziwa, na kipande cha michai ambayo yeye na baba yake walikuwa wameipanda wakulima wadogo walipoanza kuruhusiwa kulima chai. Nilijifunza kuchuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kapu mgongoni, tangu umande haujakauka mpaka saa ya kwenda kituoni kupimiwa. Vidole vyangu viligeuka rangi ya kahawia, nikaacha kuvisugua hata jioni ya kuingia Sabato.

Shamba letu liliishia kwenye ua wa shule. Ulikuwa ua wa michongoma, na ng'ambo yake, hatua kumi hivi, lilikuwa darasa la saba la baba mkwe wangu. Kuta zake zilikuwa za udongo, paa la mabati, na lilikuwa na dirisha la mbao lisilo na kioo lililotazama michai yetu. Kama hakukuwa na mvua, dirisha hilo lilifunguliwa kidogo ili watoto wapate hewa, na kila kilichosemwa ndani nilikisikia kana kwamba naambiwa mimi.

Baba mkwe alikuwa na namna yake ya kufundisha Kiingereza, na sijamwona mwalimu mwingine aliyefanya hivyo. Vitenzi alivijengea boma. Yeye mwenyewe alikuwa Msabato wa mke mmoja, mzee wa kanisa, lakini aliwaambia watoto kwamba Kiingereza ni mzee mwenye wake wawili. Katika nyumba ya mke mkubwa wamo "enjoy", "finish", "avoid", "deny" na "keep", na watoto wa nyumba hiyo wote wana mkia nyuma: reading, eating, going. Katika nyumba ya mke mdogo wamo "want", "hope", "promise", "decide" na "refuse", na watoto wake wote hutembea na fimbo mbele: to read, to eat, to go. Mtoto wa nyumba hii hali katika nyumba ile. Akila huko atachapwa, na kweli walichapwa. Wako wachache wasio na adabu, kama "begin" na "like", ambao hula kote kote na hakuna anayewauliza. Watoto wetu hawakuhitaji kuelezwa mara mbili, kwa sababu nusu yao walitoka katika maboma ya namna hiyo hiyo.

Kisha alikuwa akitaja kitenzi na darasa zima likajibu kwa pamoja. Yeye "Enjoy", wao "Reading". Yeye "Hope", wao "To read". Nami katikati ya michai nilijibu kimoyomoyo, huku mikono ikiendelea na kazi yake. Mama mkwe alinikuta mara mbili nikichezesha midomo. Aliwaambia wanawake wenzake kisimani kwamba mke wa mwanawe anaongea na majani, na kwamba siku za Kiingereza kapu lake huwa jepesi. La kapu lilikuwa kweli.

Katika mwaka wangu wa pili pale aliuliza swali na darasa likakaa kimya. Alitaka sentensi yenye "avoid". Akarudia kuuliza kwa ile sauti ya chini ambayo watoto walijua kinachoifuata. Sijui nilipatwa na nini. Niliinua shingo juu ya michai nikasema, kwa sauti iliyofika kule vizuri kabisa, "I avoid meeting my father-in-law."

Watoto waliangua kicheko. Mimi niliinama nikajificha, uso unawaka, nikiomba ardhi inimeze pamoja na kapu. Kicheko kilikatika ghafla, na baada ya muda nikasikia sauti yake, ya kawaida kabisa, ikisema, "Correct. Write it down." Nikasikia kalamu za watoto zikianza kazi.

Sentensi yenyewe ilikuwa ya kweli, na asiye wa kwetu hataelewa yaliyofuata nisipoieleza. Kati ya mtu na mke wa mwanawe tunayo heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua imnyeshee mlangoni. Mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe wala haketi kitini pake. Si kwamba hamzungumzi. Mnazungumza habari za ng'ombe na mvua, mkiwa mbali kidogo, kila mmoja akitazama kwingine. Jambo zito linalomhusu mke hupitia kwa mume wake, na mume asipokuwepo hupitia kwa mama mkwe. Nililelewa hivyo na sikuona ubaya wake. Nilikuwa hata naipenda, kwa sababu ilinipa usalama katika boma la watu nisiowajua.

Kesho yake dirisha la upande wa majani chai lilikuwa wazi kabisa, ubao wake umeegemezwa ukutani kwa jiwe. Na halikufungwa tena, hata siku za mvua, watoto wa dawati la pembeni wakirushiwa matone. Baba mkwe alianza kufundisha akiwa amesimama pale pale, kanipa mgongo, sauti kaipandisha. Watoto walidhani masikio yake yanazeeka. Mimi niliyahamisha machumo yangu ili saa za Kiingereza zinikute kwenye mistari ya karibu na ua.

Baada ya majuma kadhaa akaja wifi yangu mdogo, aliyekuwa darasa la tano, akiwa na daftari jipya. Aliniambia nimeambiwa niandike sentensi ishirini. Nilimuuliza nimeambiwa na nani, naye akainua mabega akasema na mwenye daftari. Niliziandika adhuhuri ile ile, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ng'ombe akinywa maji. Zilirudi siku mbili baadaye zikiwa na alama za wino mwekundu. Miaka mitatu ikapita hivyo. Daftari lilikwenda na kurudi mkononi mwa wifi, na katika miaka hiyo yote mimi na baba mkwe hatukuzungumza hata neno moja juu yake. Tukikutana njiani aliniuliza ng'ombe anakamulika vipi. Mara moja tu, nilipokuwa nimekosea sana, aliandika chini ya ukurasa "See me", kama alivyozoea kuwaandikia wanafunzi wake, kisha akakumbuka ni nani mwenye daftari akayakata maneno hayo kwa mistari miwili.

Nilikuwa na furaha wakati ule. Nasema waziwazi kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi. Nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni, mikono imekauka, mume simwoni, na bado nilikuwa nikiamka na hamu ya kupambazuka.

Fomu ya mtihani wa kidato cha pili ilikuja ndani ya lile daftari, imejazwa yote isipokuwa mahali pa sahihi. Ningefanya kama mtahiniwa wa kibinafsi, katika shule moja ya mjini Kisii. Nikipita, ningeweza kuomba nafasi katika chuo cha ualimu, maana wakati ule walimu wanawake walikuwa wakitafutwa. Hilo la mtihani nilimwambia mume wangu mwenyewe, alipokuja mwisho wa mwezi. Hakukataa. Alicheka, akasema kama nataka kujaribu nijaribu, mradi majani yasikomae shambani. Nilijaribu. Nililala kwa mama mdogo wangu mjini siku zote za mtihani, maziwa yakinijaa kifuani kwa sababu mtoto nilimwacha nyumbani, na karatasi ya Kiingereza niliimaliza kabla ya wengine wote waliokuwa katika chumba kile.

Nilipita. Habari nilipewa uani, na sikupewa mimi. Baba mkwe alikuja mpaka mbele ya jiko la mama mkwe, akasimama akitazama migomba, akamwambia mke wake kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mwambie mokamwana kwamba amekiheshimisha kilima hiki."

Mama mkwe aligeuka akaniambia, ingawa nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilijibu kupitia kwake kwamba nimeshukuru.

Barua ya kuomba chuo niliiandika mwenyewe. Ilikwenda na daftari mara mbili kabla baba mkwe hajairidhia. Mahali nilipoandika kwamba I have always enjoyed teaching, aliikata, akaandika juu yake I hope to teach. Sikuwahi kufundisha mtu, na hakutaka nianze kwa uongo. Anwani tuliyoweka ni sanduku la posta la shule, kwa sababu kilima kizima hakikuwa na lingine.

Basi nikaanza kungoja. Barua za watu wote wa pale zilikuja na begi la shule kutoka posta, na Ijumaa asubuhi mwalimu wa zamu alisoma majina kwenye paredi ili watoto wawapelekee wazazi. Kila Ijumaa nilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa michai, karibu kabisa na ua, sichumi. Nilisikiliza majina ya kilima kizima. Nilijua nani ana ndugu Nairobi, nani anadaiwa na ushirika, nani ana mtoto jeshini. Jina langu halikusomwa. Januari ilipita, vyuo vikafunguliwa. Nikasema labda mwaka ujao. Mwaka ujao nao ukapita hivyo hivyo.

Mume wangu alipokuja nilimuuliza, maana alikuwa mtu wa ofisi, kama chuo kinaweza kukaa na ombi la mtu miaka miwili bila kujibu. Alikuwa anakula. Alimega tonge la wimbi, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachovya kwenye mboga.

"Hawakukutaka," alisema. "Wangekutaka wangeandika."

Nilimwamini. Alisema taratibu, hata kwa huruma, kisha akaniomba maji ya kunawa.

Na muhula ule dirisha likafungwa. Nilikwenda shambani asubuhi moja nikakuta ubao umerudishwa mahali pake na komeo la ndani limetiwa. Sauti za watoto zilinifikia kama zimefunikwa na blanketi. Daftari halikuja tena. Wifi naye alikuwa amekwenda shule ya bweni. Baba mkwe akinikuta njiani aliuliza habari za ng'ombe na kupita, na niliona, au nilidhani nimeona, kwamba ameharakisha hatua. Nilielewa jambo moja tu. Alikuwa ameona haya. Alikuwa amepoteza miaka mitatu na wino mwekundu kwa mwanamke ambaye chuo hakikuona hata haja ya kumjibu. Nami nikaona haya kwa kumtia haya. Nilirudi kuchuma mistari ya mbali, ile inayoshukia mtoni.

Nilizaa wengine wawili. Kapu langu likawa zito kama mama mkwe alivyopenda. Sitaki kusimulia miaka hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya sabini baba mkwe alistaafu, na hakukaa mwaka akaugua. Kifua kilimkamata. Alilala katika chumba cha ndani cha nyumba yake, na mimi kila asubuhi nilipeleka uji wa wimbi mpaka chumba cha mbele, nikamkabidhi mama mkwe, naye akauingiza. Kati ya vyumba hivyo viwili kulikuwa na ukuta wa udongo usiofika darini. Nilimsikia akikohoa, akimeza, akimshukuru mke wake. Siku moja mama mkwe alikuwa amekwenda kwa jirani kutafuta asali, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa nje nikiwa nimeshika kibuyu, nikimngojea arudi.

"Mokamwana," ilisema sauti ya ndani.

Hakuwa amewahi kuniita. Niliitika kwa heshima, nikasema mama yuko njiani anakuja.

"Najua hayupo. Ndiyo sababu nimekuita." Alikohoa, akapumzika kwanza. "Nataka kukuuliza kitu, kwa maana nikifa nitakwenda nacho. Ile barua ya chuo ilipokuja nilimpa mume wako mkononi mwake, pale langoni. Mbona ulikataa kwenda?"

Kwa muda sikuelewa anasema lugha gani. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja, na nikahisi uji unanimwagikia magotini.

Barua ilikuja. Ilikuja mwaka ule ule wa kwanza, na haikusomwa kwenye paredi kwa sababu mwalimu mkuu aliitoa begini yeye mwenyewe. Ilikuwa na mhuri wa serikali, na ilikuwa inamtoa mke wa mtu nyumbani kwa miaka miwili. Jambo zito la mke hupitia kwa mume. Nyumbani kwangu hangeweza kuingia aiweke mezani, na kuituma kwa mtoto, nyuma ya mgongo wa mwanawe, aliona ni kumvunjia mwanawe boma. Aliingoja siku ya mwisho wa mwezi akampa mwenye mke. Alifanya vile mtu mwenye heshima wa kwetu angefanya. Mtu aliyeweza kuipitisha fomu nzima ndani ya daftari mkononi mwa mtoto alishindwa kuipitisha barua moja. Nimelitafakari hilo miaka mingi, naielewa sababu yake kila kipande, na sijaweza kumsamehe sawasawa.

Na yeye alikuwa amengoja. Alingoja anione nikitoka na sanduku kichwani, mwaka ule na hata uliofuata, akidhani huenda nimeomba kungojewa. Sikutoka. Hangeweza kuniuliza, na mwanawe hakumwambia kitu. Akahesabu kwamba ni mimi niliyeidharau kazi yake, akafunga dirisha.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua. Ningesema kweli, na mgonjwa asiyeweza kuinua kikombe angejua, siku zake za mwisho, kwamba mwanawe wa kwanza ni mwongo na kwamba ni mkono wake mwenyewe uliompa mwongo huyo barua. Au ningesema lile jingine.

"Nilikuwa na mtoto mchanga, tata," nilisema, nikimwita baba kwa lugha yetu. "Niliona siwezi kumwacha."

Nilidhani amelala. Kisha, kwa ile sauti ya darasani, ila imekwisha nguvu, akasema, "Enjoy."

Nilijua anachotaka. "Reading," nilijibu.

"Hope."

"To read."

"Finish."

"Eating."

Akaendelea, nyumba hii na nyumba ile, akipumzika katikati, na mimi nikamjibu kila moja nikiwa nimekaa kwenye kigoda, machozi yananishuka na sikuthubutu kupenga kamasi asije akasikia. Nilisikia miguu ya mama mkwe ikipanda kutoka kwa jirani. Yeye naye nadhani aliisikia, maana alitaja kimoja cha mwisho, taratibu.

"Refuse."

"To go," nilijibu, kama alivyonifundisha.

Alikufa baada ya majuma mawili. Walikuja watu kutoka Kisii na Nyamira, makarani, walimu, mpaka mkubwa mmoja wa wilaya, na mmoja baada ya mwingine walisimama kando ya jeneza wakasema walikuwa wanafunzi wake, wakasimulia habari ya yule mzee mwenye wake wawili, na watu wakacheka katikati ya kilio kama inavyofaa. Mwendesha shughuli aliuliza kama yuko mwanafunzi mwingine ambaye hajasema. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko na wanawake wengine, namenya ndizi za wageni. Niliisikia sauti yake vizuri, na nikamenya.

Wageni walipoisha nilimwendea mume wangu. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yetu akisafisha viatu vya mazishi kwa kijiti. Sikupiga kelele. Nilimwambia nataka barua yangu.

Hakuuliza barua gani. Kwa hilo nitampa sifa: hakuongeza uongo juu ya uongo. Aliingia ndani, akafungua sanduku lake la bati, akatoa kitabu chake cha nyimbo za kanisa, na barua ilikuwa humo katikati, imekunjwa mara mbili. Hakuwa na moyo wa kuchana karatasi ya serikali, wala hakuwa na moyo wa kunipa. Nilisoma nikiwa nimesimama. Walikuwa wamefurahi kunipa nafasi. Nilitakiwa kuripoti Jumatatu, nikiwa na blanketi mbili, sahani, kikombe na jembe. Jina langu lilikuwa limepigwa taipu bila kosa, jina lote, la kwetu nilikozaliwa na la kwake.

Nilimuuliza kwa nini. Nilitaka kusikia neno kubwa. Nilikuwa tayari aseme aliogopa ningempita, au aliogopa walimu wanaume wa huko chuoni, au kwamba alimwonea baba yake wivu kwa kunifundisha. Ningelia, tungegombana, na labda lingekwisha. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu kilicho wazi.

"Nani angechuma majani?" alisema.

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoona. Kulikuwa na majani, na yalihitaji mikono.

Nilirudisha kapu langu ukutani siku ile nikalitundika kwenye msumari, na sikulishusha tena. Ng'ombe nilimkamua, watoto niliwalisha, viazi na wimbi nililima, kitanda chake nilikitandika. Majani sikuchuma. Mama mkwe alinisema uani mpaka akachoka. Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi akakuta majani yamekomaa, akaja mwezi uliofuata akakuta yamekuwa matawi. Alitafuta vibarua, wakachuma siku chache wakaenda kwenye mashamba yaliyowalipa vizuri zaidi. Alinitisha kwa maneno, akaniletea mchungaji. Nilimkaribisha mchungaji kwa uji na ndizi mbivu, na alipouliza nina neno gani nikamwambia sina neno. Umri wa kupokelewa chuoni ulikuwa umenipita. Nilikuwa sina kitu kingine cha kukataa isipokuwa hicho.

Mchai usipochumwa ni mti. Watu wengi hawajui, kwa sababu wameuona tu ukiwa umekatwa usawa wa kiuno. Wetu ulipanda, ukafika kifuani, ukafika usoni, ukatoa maua meupe ambayo sikuwahi kuyaona miaka yote niliyochuma. Asubuhi moja nilitoka nje na ndoo ya maziwa nikasikia watoto wa darasa la saba wakiitikia kitu, mwalimu mpya akiwaongoza. Nilisimama nikatazama upande ule. Michai ilikuwa imenizidi kimo, na dirisha halikuonekana tena kutoka mlangoni kwangu.